Baiskeli Katika Nchi ya Mawe: Njia ni Mali ya Nani?

Kusini mwa Ufaransa, mbali na miji mikubwa, iko nchi ya mawe ya chokaa iitwayo Grands Causses. Mtu wa Makunduchi au wa Micheweni lau angelifikishwa huko, jambo la kwanza angelolitambua ni kwamba yuko maweni: udongo haba, jiwe jeupe lililotoboka, na mvua ambayo ikinyesha asubuhi, jioni haionekani ilikokwenda. Tofauti ni kwamba maweni yetu yamelala karibu na usawa wa bahari, ilhali yale yameinuka baina ya mita 800 na 1,200, kisha mito ikayakata vipande. Mto Tarn umeutenga uwanda wa Sauveterre na ule wa Méjean. Mto Jonte umeutenga Méjean na Causse Noir, yaani Uwanda Mweusi. Na mto Dourbie umeutenga huo Mweusi na Larzac. Makorongo ya mito hiyo pahala pengine yana kina cha mita 500, na kuta zake zimesimama wima.

Nchi hiyo leo inasifika miongoni mwa wapandao baiskeli za milimani. Tunaiandikia makala kwa sababu mchezo huo unazungumzwa sasa hata katika visiwa vyetu kuwa ni sehemu ya utalii, na ni vyema kila mwenye dhamana ajue wenzetu waliutengenezea msingi gani kabla ya kuuza tiketi.

Baiskeli yenyewe asili yake si Ufaransa. Ilizaliwa California, nchini Marekani, katika miaka ya 1970, pale vijana wa jimbo dogo la Marin walipochukua baiskeli kuukuu zenye matairi manene na kuzitelemsha kwa kasi katika njia za mlima Tamalpais. Breki za nyuma za siku hizo zilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu, na joto la mtelemko liliunguza grisi yote ikawa moshi, hata walipofika chini hawakuwa na budi kuzifungua na kuzipaka grisi upya. Kuanzia 1976 walishindana katika mtelemko mmoja waliouita kwa jina la kazi hiyo ya kupaka grisi, Repack. Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, aliunda fremu mpya mahsusi kwa kazi hiyo, na mnamo 1996 mchezo ukaingia katika Michezo ya Olimpiki huko Atlanta. Sisi ambao baiskeli ya Phoenix tumeipakia majani ya ng'ombe, gunia la mkaa na mtoto wa skuli kwa safari moja katika njia ya mawe, tunaweza kutabasamu tukisikia kwamba kuendesha baiskeli njia mbovu ni uvumbuzi. Walakini tusiwanyime haki yao: gia nyingi, springi za mbele na breki za sahani zimeifanya baiskeli ipande na itelemke pale ambapo zamani ilibebwa begani.

Natuitazame safari moja. Mpandaji huanzia Peyreleau, kijiji kilichoko chini kabisa ambapo Jonte inaungana na Tarn, akaukwea Uwanda Mweusi kwa njia ya kuzunguka-zunguka. Uwanda huo umepewa jina lake kwa ajili ya kiza cha misonobari. Chini ya miti hiyo sindano zilizokauka hutandika zulia ambalo gurudumu halitoi sauti juu yake, ila chini ya zulia kuna mizizi na vijiwe, na asiyeangalia mbele huanguka. Huko juu hutokea majabali ya Montpellier-le-Vieux, mawe ya dolomiti yaliyoliwa na maji yakabaki kama milango, minara na vichochoro, kiasi ambacho wachungaji wa kale walidhani ni magofu ya mji uliohamwa. Kisha mtelemko wa kwenda La Roque-Sainte-Marguerite, kando ya Dourbie. Hapo ndipo ustadi unapopimwa. Jiwe la chokaa likiwa kavu hulishika tairi barabara; likilowa huwa kama sabuni. Mjuzi hainuki kutoka kitini kwa pupa, hafungi breki ya mbele kwa ghafla, na huyatupa macho kwenye kona ya pili wakati gurudumu liko bado kona ya kwanza. Juu ya kichwa chake huzunguka tumbusi. Ndege hao walikuwa wametoweka kabisa katika makorongo hayo kabla ya nusu ya karne iliyopita, na wakarejeshwa kwa makusudi kuanzia 1981 katika korongo la Jonte. Leo ndio wanaosafisha mizoga ya kondoo.

Kondoo ndiyo habari yenyewe. Njia ambazo mpandaji hujivunia kuzishinda hazikuchorwa kwa ajili yake. Zilichongwa na kwato za mifugo iliyopandishwa malishoni kila kiangazi kutoka nyanda za pwani, na kuta za mawe zilizopakana nazo zilipangwa na wakulima waliokuwa wakiokota mawe shambani. Vidimbwi vya duara vilivyosakafiwa kwa mawe, ambavyo mgeni husimama akavipiga picha, vilitengenezwa ili kuhifadhi maji ya mvua ya kunywesha kondoo, maana huko juu hakuna kijito hata kimoja. Maziwa ya kondoo hao ndiyo yanayotengeneza jibini ya Roquefort. Shirika la UNESCO lilipoiingiza nchi hiyo pamoja na jirani yake Cévennes katika Urithi wa Dunia mwaka 2011, halikuitaja kwa uzuri wa majabali tu; lilitaja maisha ya ufugaji.

Na watu wake hawakupewa ardhi hiyo kwa hisani. Mwaka 1971 serikali ya Ufaransa ilitangaza kuipanua kambi ya jeshi ya Larzac kutoka hekta zipatazo 3,000 hadi 17,000. Mwaka uliofuata wakulima 103 walikula kiapo kwamba hawatauza mashamba yao. Walipeleka kondoo wao hadi chini ya mnara wa Eiffel, wakaandamana kwa miguu hadi Paris, na kwa miaka kumi hawakutetereka, mpaka 1981 ambapo Rais Mitterrand alipoingia madarakani aliufuta mpango huo. Ardhi ambayo serikali ilikwisha inunua haikuuzwa kwa matajiri. Ilibaki mali ya taifa, na tangu 1985 ikakabidhiwa chama cha wakulima wenyewe kwa mkataba wa muda mrefu, nao huigawa kwa wanaoilima. Wale wanaodhani kwamba ardhi ya umma haiwezi kuzaa matunda hawana budi kuitalii Larzac.

Tukija kwenye sheria, pana jambo ambalo maofisa wetu wa ardhi na wa utalii wangelifaa kulisoma mara mbili. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1983 iliipa kila wilaya kubwa ya nchi hiyo kazi ya kuandika daftari la njia za matembezi. Njia ya shamba ikishaandikwa humo, halmashauri ya kijiji haiwezi kuiuza wala kuiziba mpaka kwanza itoe njia nyingine inayofaa badala yake. Vinginevyo mauzo yenyewe ni batili. Mwaka 1991 ikafuata sheria nyingine iliyozuia magari na pikipiki kuingia maporini nje ya njia zilizo wazi kwa vyombo vya moto. Juu ya msingi huo ndipo zilipowekwa alama za baiskeli, pembetatu na duara mbili, kwa rangi nne: kijani kwa wanaoanza, buluu, nyekundu, na nyeusi kwa mabingwa. Njia ndefu ya baiskeli inayoivuka milima ya kati ya Ufaransa, zaidi ya kilomita 1,300 hadi bahari ya Mediterania, hupita katika nyanda hizo hizo. Almuradi kibao kilikuja baada ya daftari.

Haina maana kwamba mambo yote ni shwari. Magurudumu huchimba mifereji katika miteremko, na udongo ulio haba ukishakokotwa na mvua haurudi. Wako wapitao malangoni wakaacha wazi, kondoo wakatawanyika. Misonobari myeusi ya Austria iliyopandwa karne iliyopita kwa nia njema imeanza kujiotea yenyewe katika malisho ya Méjean na kuyaziba, na mfugaji hugombana nayo kila mwaka. La hatari zaidi ni maji. Nchi ya chokaa haichuji: kinachomwagwa katika shimo la juu hutokea katika chemchemi ya korongoni, na chemchemi hiyo ndiyo kisima cha mji wa chini.

Hili la mwisho sisi tunalijua kwa ndani. Upande wa mashariki na kusini wa Unguja umesimama juu ya mawe ya matumbawe. Maji matamu yamekaa katika mapango na mipasuko, yakielea juu ya maji ya chumvi. Njia za miguu zinazopita maweni, kutoka vijijini kwenda mashambani, mapangoni na pwani, zimekanyagwa na wazee wetu kwa vizazi, na nyingi hazimo katika ramani yoyote. Sheria ya Umilikaji wa Ardhi ya mwaka 1992 inasema kwamba ardhi ni ya umma. Lakini kiwanja kikikodishwa kwa mwekezaji na ukuta ukajengwa, njia isiyoandikwa huwa haikuwahi kuwepo, na mvuvi aliyekuwa akitembea dakika kumi kwenda ngalawani mwake hulazimika kuzunguka saa nzima.

Kwa hiyo pendekezo letu kwa wahusika ni la kawaida na gharama yake ni ndogo. Kabla ya kutengwa hata njia moja ya baiskeli za watalii, masheha wa shehia za maweni wakae na wazee, wachungaji na wachoma chokaa, waziandike njia zote pamoja na mapango yanayochotwa maji, na daftari hilo lipelekwe Kamisheni ya Ardhi ili lipewe nguvu ya sheria. Likishapita hapo, baiskeli na zije, na vijana wa shehia hizo ndio wawe waongozaji na mafundi wake, maana mawe hayo wao wameyapanda tangu wakiwa watoto, kwa baiskeli zisizo na gia.