Damu ya Beni na Kitabu cha Ufunuo

Tangu Oktoba 2014, wakulima wa Beni, mashariki mwa Kongo, na vijiji vyake wamekuwa wakiuawa kwa mapanga, mashoka na risasi na waasi wa ADF, kundi lililozaliwa Uganda miaka ya 1990 na ambalo baadaye lilijifunga na Dola la Kiislamu. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Ebola iliyotangazwa Mangina ilienea Beni, Katwa na Butembo, ikaua watu zaidi ya 2,200 Kivu Kaskazini na Ituri. Tarehe 27 Juni 2021, bomu lililipuka ndani ya kanisa Katoliki la Emmanuel-Butsili mjini Beni. Tarehe 15 Januari 2023, jingine liliwaua waumini zaidi ya 10 wa kanisa la kipentekoste la CEPAC huko Kasindi, wakiwa katika ibada ya ubatizo. Mtu aliyepitia haya akifungua Mathayo 24 au Luka 21, akakuta habari za vita, njaa, tauni na wafuasi wa Kristo kuchukiwa, hasomi mambo ya mbali. Kwa hiyo si haki kuwabeza wanaosema kwamba siku za mwisho zimefika. Lakini namna wanavyousoma unabii huo ina matokeo, na matokeo hayo lazima yapimwe. Ninashikilia kwamba unabii ukisomwa kwa makini haumruhusu Mkristo kuyaona mauaji kama ratiba ya Mungu inayotimia. Unamdai aihesabu damu iliyomwagika, ataje nani aliyeimwaga, na amtunze aliyebaki hai.

Wakristo hawajawahi kuusoma Ufunuo wa Yohana kwa njia moja. Wako wanaosema sehemu kubwa ya kitabu hicho iliwahusu wasomaji wake wa kwanza, yaani makanisa 7 ya Asia Ndogo yaliyoishi chini ya dola la Roma, na kwamba mnyama wa sura ya 13 ni mamlaka ya Kaisari. Wengine wanakisoma kama historia ya kanisa iliyopangwa karne kwa karne. Ndivyo walivyokisoma wanamageuzi wengi wa Ulaya, na ndivyo Waadventista wanavyokisoma hadi leo. Kundi la tatu linayaweka karibu mambo yote mbele yetu: unyakuo, dhiki kuu, Mpinga Kristo, kisha utawala wa miaka elfu. Mpangilio huo, unaosikika sana katika makanisa ya kipentekoste na vyumba vya maombi vya Butembo, ulipata sura yake ya sasa kwa John Nelson Darby katika karne ya 19, ukasambazwa na Biblia yenye maelezo ya Scofield iliyotoka mwaka 1909. Njia ya nne inaona humo pambano kati ya Mungu na uovu linalorudi katika kila kizazi. Kanisa Katoliki, linalofuata kwa kiasi kikubwa mafundisho ya Augustino, linaungama kwamba Kristo atarudi na kwamba kanisa litapita katika jaribu la mwisho, ila linakataa wazo la ufalme wa miaka elfu utakaokamilika ndani ya historia hii.

Njia hizi zinatofautiana sana, lakini zote hukutana katika ungamo moja: Kristo atakuja na atahukumu. Hatari huanza pale tumaini hilo linapogeuzwa kuwa tarehe, au pale mtu mmoja anapojifanya mwenye ufunguo pekee wa alama za nyakati. Wafuasi wa William Miller huko Marekani walingoja tarehe 22 Oktoba 1844, wakabaki na majonzi. Karibu nasi zaidi, ng'ambo ya mpaka, mamia ya watu waliteketea kanisani Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, baada ya viongozi wao kuwaaminisha kwamba dunia inakwisha. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola nchini Kenya, ilianza kufukuliwa miili iliyopita 400 ya watu waliofundishwa kufunga hadi kufa ili wamwone Yesu.

Kuna atakayepinga: Je, si Yesu mwenyewe aliyetoa dalili? Alizitoa, naam. Ila alipotaja vita na habari za vita, aliwaambia wanafunzi wasifadhaike, kwa kuwa mwisho wenyewe ulikuwa bado. Alifananisha taabu hizo na mwanzo wa utungu, na akaongeza kuwa siku ile hakuna aijuaye. Dalili hizo basi zilikusudiwa kuwazuia waamini wasidanganyike. Wazee wa Beni na Butembo waliiona vita ya 1996, wakaiona nyingine iliyoanza 1998, na kila mara ilidhaniwa kuwa hakuna kitakachofuata. Mahubiri yanayoifanya kila vita kuwa ya mwisho humwacha msikilizaji bila maneno vita inayofuata inapozuka.

Tukiingia ndani ya Ufunuo wenyewe, sura ya 6 inaonyesha roho za waliouawa chini ya madhabahu, zikimlilia Mungu na kumwuliza lini atatoa hukumu kwa damu yao. Hakuna anayezijibu kwamba yalitabiriwa, basi zinyamaze. Zinapewa mavazi meupe na kuambiwa zisubiri kidogo, wala kesi yao haifungwi. Sura ya 18 inaenda mbali zaidi. Katika anguko la Babeli, Yohana anaorodhesha bidhaa za wafanyabiashara waliotajirika kwake: dhahabu, pembe za ndovu, mbao za thamani, na mwishoni kabisa, miili na uhai wa wanadamu. Msomaji wa Beni hahitaji kufafanuliwa orodha hiyo. Anajua dhahabu na mbao zinazopita huku vijiji vinahamwa, na anajua mkulima anayeuawa katika shamba lake la kakao msimu wa mavuno, kisha kakao hiyo ikauzwa na wengine. Kitabu ambacho wengi hukiona cha mafumbo matupu kinauliza nani ananufaika. Anayesema mauaji haya ni unabii tu unaotimia amewaondolea mashtaka walioshika panga, walionunua mavuno ya damu, na serikali iliyoshindwa kuwalinda raia wake hata baada ya kutangaza hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, Mei 2021.

Somo hilohilo linahusu Ebola. Wananchi walikuwa na sababu za kutoiamini riposti, yaani kampeni ya kupambana na ugonjwa huo: waliona fedha na magari yakimiminika kwa ajili ya ugonjwa ilhali miaka ya mauaji haikuleta msaada wa namna hiyo, na Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo kwa hoja ya Ebola na usalama. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na Aprili mwaka huo daktari wa Shirika la Afya Duniani aliuawa Butembo akiwa kazini. Katika hali kama hiyo, kuhubiri kwamba maradhi ni pigo lisilozuilika, au kwamba chanjo ni chapa ya mnyama, ni kuongeza makaburi. Chapa ya sura ya 13 inahusu ibada na utii. Kuwekwa kwake mkononi na kwenye paji la uso kunakumbusha Kumbukumbu la Torati 6, ambako Israeli wanaagizwa kuzifunga amri za Mungu mahali hapohapo. Swali lake ni nani unayemwabudu, na mtu hawezi kumkana Kristo bila kujua kwa kuchomwa sindano na muuguzi.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la mfiwa: mniachie tumaini langu, maana sina kingine. Tumaini hilo hakuna mwenye haki ya kumnyang'anya. Lakini Paulo, aliyehubiri kurudi kwa Kristo kwa nguvu sana, aliwakemea Wathesalonike walioacha kufanya kazi kwa kisingizio cha siku hiyo. Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu wa Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997, aliamini ufufuo na bado akaanzisha chuo kikuu cha Graben. Akiwa askofu mkuu wa Bukavu, alikemea hadharani vita na uporaji wa mali ya nchi katika ujumbe wake wa Noeli ya 1999, akafukuziwa Butembo kwa miezi kadhaa mwaka 2000. Padre Vincent Machozi, wa shirika la kitawa la Waasumpsionisti, aliyakusanya na kuyatangaza mauaji ya Beni na Lubero hadi alipouawa na watu wenye silaha Machi 2016. Wote wawili waliungoja ufalme wa Mungu wakiwa kazini.

Ndugu msomaji, mhubiri akikutajia tarehe, akikuambia uache dawa, uuze shamba au usimsomeshe mtoto kwa kuwa dunia inakwisha, toka hapo, na utoke na familia yako. Wachungaji na mapadre wa Beni na Butembo wahubiri kurudi kwa Kristo bila woga, kisha katika ibada hiyohiyo wasome majina ya waliouawa wiki ile, wachangie wajane na waliokimbia vijiji vyao, na wadai uchunguzi na hukumu. Kanisa linaloamini kwamba Mungu atauliza habari za damu hii halina ruhusa ya kunyamaza kabla hajauliza.