KWA NINI MTOTO WA NGURUWE HUTETEMEKA KATIKA NCHI YA JOTO

Bwana Mkulima, na wewe Mama ambaye ndiwe unayewalisha nguruwe kila siku, jambo hili mmelijua. Nguruwe jike amezaa watoto kumi usiku. Asubuhi mnakuta wawili au watatu wamekufa. Mmoja atasema mama yao amewalalia, mwingine atasema ni ugonjwa. Ni wachache watakaosema ni baridi, maana nani anayelalamika juu ya baridi huku Kano, Ahero au Muhoroni?

Lakini mara nyingi baridi ndiyo chanzo. Usiku hapa Kisumu joto hushuka mpaka kama digrii 17 au 18. Kwako wewe hiyo ni hewa nzuri ya kulala na blanketi moja, na kwa nguruwe mkubwa ni nzuri vile vile. Mtoto wake, aliyetoka sasa hivi katika tumbo lenye joto la digrii 39, naye amelowa, hutaka mahali penye digrii 32 hata 35. Katika nusu saa ya kwanza joto la mwili wake laweza kupungua digrii mbili na zaidi. Anapopoa huwa mnyonge, hanyonyi vizuri, naye hujisogeza chini ya tumbo la mama kutafuta joto. Mama akijigeuza, mtoto hana nguvu za kukimbia. Kwa hiyo yule aliyelaliwa pengine alikuwa amekwisha shindwa na baridi kwanza.

Sasa mtazame mtoto wa mbuzi aliyezaliwa usiku ule ule. Yeye husimama, hukauka, wala hapati taabu kubwa. Sababu ni kwamba mbuzi, kondoo na ng'ombe huzaliwa wakiwa na mafuta ya namna ya pekee, yenye rangi ya kahawia, hasa kuzunguka figo. Mafuta meupe ni ghala. Haya ya kahawia ni jiko. Ndani yake mna protini ambayo wataalamu huiita UCP1. Kwa desturi mwili huchoma chakula ili kupata nguvu ya kufanya kazi, na joto ni masazo tu. Protini hii hufungua njia ya mkato, hata chakula kinachomwa na kuwa joto tupu. Fikiri juu ya kinu cha posho kilichotolewa mkanda: injini yanguruma na kupata moto, lakini hakuna unga unaotoka. Mtoto mchanga hataki unga, anataka ule moto.

Nguruwe hana jiko hili. Mwaka 2006 wataalamu wa Uppsala, katika nchi ya Sweden, walitangaza sababu yake. Kila protini ya mwili hutengenezwa kwa maagizo yanayorithiwa kutoka kwa baba na mama, na maagizo hayo huitwa jeni. Walipoisoma jeni ya UCP1 katika nguruwe waliona kwamba sehemu yake ya tatu, ya nne na ya tano hazimo kabisa, kama kitabu kilichong'olewa kurasa za katikati. Wala si nguruwe wa kufugwa peke yake. Hata ngiri wa porini ana kasoro hiyo hiyo. Basi waliirithi kwa babu mmoja wa zamani sana. Wataalamu hao walikadiria kwamba jeni iliharibika miaka kama milioni 20 iliyopita.

Iliwezaje kupotea? Jeni huharibika kwa bahati, leo hii na siku zote. Mnyama mwenye jeni mbovu akizaliwa mahali pa baridi hufa mapema, na kasoro yake hufa pamoja naye. Akizaliwa mahali pa joto hapati hasara yo yote. Hukua, huzaa, na watoto huirithi kasoro. Inafikiriwa kuwa ndivyo ilivyokuwa kwa wazee wa nguruwe, walioishi katika nchi za joto. Nguruwe wa zama zile walikuwako hata kwetu. Mabaki yao yaliyogeuka mawe yamechimbwa katika magharibi ya Kenya, na mwaka 1986 mtaalamu Martin Pickford alipoipa jamii moja ya nguruwe hao wa kale jina la kitaalamu, aliiita kwa Kiswahili: Nguruwe.

Tembo, farasi na nyangumi nao wameipoteza jeni hii, lakini wao huzaa mtoto mkubwa, na mwili mkubwa hupoa polepole. Nguruwe huzaa watoto wengi wenye uzito wa kilo moja au moja na nusu. Lililobaki kwao ni kutetemeka, na kutetemeka hula akiba ya sukari mwilini, ambayo huisha upesi kama mtoto hakunyonya.

Mwaka 2017 wataalamu wa China walieleza jinsi walivyoingiza jeni ya panya katika nguruwe, na watoto 12 waliozaliwa walistahimili baridi vizuri zaidi, tena mafuta yao yalipungua. Ni habari ya kupendeza, lakini haitakusaidia wewe mwezi ujao.

La kukusaidia ni hili. Mpe mama nyasi kavu nyingi siku moja kabla ya kuzaa. Utamwona akizibeba kwa mdomo na kujenga kiota. Usimzuie, maana hiyo ndiyo dawa yake ya tangu zamani. Majani makavu ya muwa yaliyokatwakatwa yanafaa pia. Kila mtoto akitoka mpanguse kwa gunia kavu na kumweka kwenye chuchu mara moja, apate maziwa ya kwanza. Pembeni mwa banda ziba kona kwa ubao wenye tundu ambalo watoto hupita na mama hawezi. Ndani weka nyasi, na chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa gunia, ukizibadilisha usiku. Mwenye umeme aweza kutundika taa juu, mbali na nyasi. Jiko la makaa usiliweke humo, banda litaungua.

Halafu watazame wanavyolala. Wakirundikana mmoja juu ya mwenzake, wanaona baridi. Wakilala ubavu kwa ubavu, joto limetosha. Wakikimbilia mlangoni, limezidi. Ondoa chupa moja.