Roboti shuleni: Kasongo na Kabambare zitaingiaje uwanjani?

Shuleni Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, neno michezo kwa kawaida huleta kandanda akilini. Timu ya mpira ina kocha, siku ya mazoezi na mtu wa kuisindikiza kwenye mechi. Mwanafunzi anayependa kufungua redio mbovu na kuunganisha nyaya zake hana hata kimoja kati ya hivyo.

Ndiyo sababu watetezi wa roboti za wanafunzi katika nchi mbalimbali wanataka zitambuliwe kuwa mchezo rasmi wa shule. Kinachotambuliwa hupangiwa ratiba, msimamizi na bajeti.

Marekani imetangulia. Mvumbuzi Dean Kamen alianzisha shirika la FIRST mwaka 1989, na mwaka 1992 timu 28 zilishiriki mashindano yake ya kwanza katika jimbo la New Hampshire. Mwaka 2012, chama cha michezo ya shule za sekondari cha Minnesota kilianza kuandaa ubingwa wa roboti wa jimbo hilo.

Wapo wanaosema mchezo ni jasho. Lakini katika mechi hizo timu tatu huungana dhidi ya tatu kwa karibu dakika mbili na nusu. Kwanza roboti hujiendesha zenyewe kwa programu, kisha wanafunzi huziongoza. Kuna kanuni, waamuzi, mshindi na mshindwa.

Tangu mwaka 2017 kuna pia mashindano ya dunia ya FIRST Global, ambako kila nchi hupeleka timu moja ya vijana. Hapo ndipo ugumu ulipo kwa Maniema. Congo ina majimbo 26. Bila mashindano ya wilaya na jimbo, mtoto wa Kabambare hana ngazi ya kupandia hadi kwenye nafasi hiyo moja.

Vipaji havikosekani nchini. Mwaka 2013, roboti za kuongoza magari zilizobuniwa na mhandisi Thérèse Izay Kirongozi zilianza kazi katika barabara za Kinshasa, zikitumia umeme wa jua. Kwa shule za vijijini zisizo na umeme, huo ni mfano wa karibu.

Vikwazo ni vya kweli. Barabara huharibika wakati wa mvua, na maeneo ya dhahabu ya Salamabila, wilayani Kabambare, yameshuhudia mashambulizi ya makundi yenye silaha. Kusafirisha wanafunzi si jambo dogo, na wazazi wengi hawana cha kuongeza.

Kwa hiyo mwanzo unaweza kuwa mdogo: shule mbili za mji mmoja, mota na magurudumu kutoka vifaa vilivyokufa, paneli moja ya jua na kanuni za ukurasa mmoja. Kila wilaya inaweza kupata mshindi wake kwanza, na washindi wakutane njia ikiwa salama.

Mkuu wa shule hahitaji kusubiri mashine kutoka ng'ambo. Anaweza kuanza kwa kuandika roboti kwenye ratiba ya michezo, chini ya kandanda, na kumteua mwalimu wa kuzisimamia.