Moyo na Roho: Lugha ya Maumivu na Afya ya Moyo katika Kiswahili cha Bunia

1. Tatizo

Katika mji wa Bunia, mgonjwa anapoulizwa anaumwa nini, huenda akajibu: "Roho inaniuma." Jibu hilo ni fupi, lakini laweza kufahamika kwa njia mbili. Msikilizaji mmoja atasema kwamba mgonjwa ana huzuni. Mwingine atasema kwamba kiungo kilicho kifuani mwake kina maumivu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kuchagua maana moja upesi na kuitupa ya pili ni hatari, kwa kuwa hali ya nafsi na afya ya moyo zinaathiriana.

2. Ushahidi wa lugha

Neno moyo lina asili ya Kibantu, ilhali roho limetoka katika Kiarabu. Katika Kiswahili sanifu, moyo ni kiungo kisukumacho damu, na papo hapo ni makao ya nia, ushujaa na mapenzi. Ndiyo maana husemwa kutia moyo, kufa moyo, moyo mkunjufu. Roho ni uhai au nafsi, ingawa mpaka kati ya maneno hayo haukazwi sana: mwenye wasiwasi huwa roho juu. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, roho mara nyingi huchukua nafasi ya moyo, hata kwa kiungo chenyewe: "Roho inapiga mbio." Hivyo neno moja hubeba kiungo, hisia na uhai.

3. Ushahidi wa tiba

Mtu anapoogopa, ubongo huamsha mishipa ya fahamu pamoja na tezi zilizo juu ya figo, ambazo humwaga adrenalini na kotisoli katika damu. Moyo huenda mbio na shinikizo la damu hupanda. Hatari ikipita, mwili hutulia. Lakini hofu ikidumu miezi na miaka, mwili hukosa nafasi ya kutulia, na mishipa ya damu hudhurika. Aidha, mwenye sonona hulala vibaya, huweza kuzidisha tumbaku na pombe, au huacha dawa zake.

Utafiti uitwao INTERHEART, uliotolewa mwaka 2004 baada ya kufanywa katika nchi 52, Afrika ikiwamo, uliweka msongo wa nafsi miongoni mwa mambo 9 makuu yanayohusiana na shambulio la moyo. Mambo mengine ni kama vile tumbaku, shinikizo la damu na kisukari. Kinyume chake pia kimeonekana: wenye matumaini na utulivu wa nafsi huelekea kuwa na moyo wenye afya bora zaidi.

Mfano ulio wazi ni ugonjwa wa takotsubo, ulioelezwa na waganga wa Japani mwaka 1990. Baada ya msiba au hofu kubwa, moyo hudhoofika ghafla na kufanana na chungu cha kutegea pweza, ambacho ndicho kilichoupa ugonjwa jina. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, na wengi hupona. Wazungu huuita pia ugonjwa wa moyo uliovunjika. Hapa mfasiri awe macho: kwa Mswahili, kuvunjika moyo ni kukata tamaa, si ugonjwa wa kifua.

4. Hali ya Ituri

Jambo hili lina uzito wa pekee katika Ituri. Vita vya mwaka 1999 hadi 2003 viliua maelfu ya watu, na mapigano yaliyozuka upya Djugu mwezi wa Desemba 2017 yaliwafanya wengi wakimbilie Bunia na kambi za jirani. Mama aliyepoteza watoto na shamba, akisema "Roho inaniuma," aweza kuambiwa kwamba ni mawazo tu, kumbe shinikizo lake la damu halijapimwa. Mwingine aweza kupewa vidonge, na msiba wake usiulizwe kamwe.

5. Hitimisho

Lugha ya mgonjwa haina kosa. Lililobaki ni swali la pili. Yafaa mwuguzi aulize: "Mama, unaumwa mahali gani? Maumivu yanashuka mkononi au kupanda tayani? Yanazidi ukipanda mlima? Pumzi inakatika?" Maumivu ya kifua yaliyoanza ghafla, pamoja na jasho la baridi, yataka hospitali mara moja, hata kama mgonjwa yumo matangani. Baada ya hapo aulize pia: "Ni jambo gani limekupata?" Maswali yote mawili ni ya tiba. Wanafunzi wa Kiswahili wanaoandaa vitabu vya afya wana wajibu wa kuyaandika kwa maneno ambayo wakaao Bunia huyasema kweli.