Uzito Usiotulia

Alimwaga punje chache za sodiamu haidroksaidi kwenye kisahani cha kioo juu ya mizani, akaniambia nisiziangalie punje, niangalie namba. Tarakimu ya mwisho ilikuwa inapanda. Hakuna aliyeongeza kitu. Punje zilizotoka koponi nyeupe, kavu, zikaanza kung'aa, zikaloa, zikanata kwenye kioo. Zilikuwa zinakunywa maji ya hewa.

Aliyenionyesha ni fundi sanifu maabara wa sekondari moja ya Dar es Salaam, ndiye anayeandaa chupa za mtihani wa vitendo wa Kemia. Hesabu yenyewe kila aliyesoma Kemia anaikumbuka: moli moja ya sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki, ni gramu 40, ya asidi haidrokloriki ni gramu 36.5, nazo humalizana moli moja kwa moli moja, zikabaki chumvi na maji. Gramu 4 za kostiki katika lita moja ya myeyusho zinatoa 0.1 M. Karatasini hakuna ubishi.

Mezani upo. Kostiki, anasema, haikubali kupimwa. Ikishanyonya unyevu inavuta na kaboni dioksaidi, sehemu yake inageuka kaboneti hukohuko koponi. Ukipima gramu 4, huna gramu 4. Asidi nayo, hata ile kali ya dukani, ni kama asilimia 36 tu, iliyobaki ni maji, na kila ukifungua kifuniko inafuka. Hii inaongezeka, ile inapungua, nawe unatakiwa kuzilinganisha!

Kwa hiyo haziamini zote mbili. Anachukua sodiamu kaboneti isiyo na maji, anaikausha tanurini, anaipoza ndani ya chombo kilichofungwa vizuri, kisha anapima gramu 1.325 na kuziyeyusha hadi sentimita za ujazo 250. Hiyo ndiyo shahidi wake. Asidi inateremshwa kutoka kwenye byureti, tone kwa tone, hadi methili oranji iache unjano na kushika rangi ya chungwa. Asidi ikishajulikana nguvu yake, ndipo inatumika kuipima kostiki. Lebo inaandikwa kilichopatikana, hata kama ni 0.096. Anasisitiza hilo kwa ukali, na ana haki: mtoto ataikokotoa namba ile kwa kuiamini.

Shule isiyo na tanuri, anasema, huomba kwa jirani kaboneti iliyokwisha kukaushwa. Na jirani naye akiwa hana? Hapo mtu hupima gramu zake 4, akaandika 0.1, mtihani ukaanza. Maksi zinazopotea hapo ni za nani, na nani huikagua lebo kabla mtahiniwa hajashika pipeti?