Tumwache Muuguzi Ahesabu

Mweka hazina wa tawi anapohesabu ada za wanachama hahesabu mara moja, wala hahesabu peke yake. Mwenziwe huketi ubavuni mwake akahesabu tena, na hapana mtu anayedhani kwamba kwa kukaguliwa hivyo amevunjiwa heshima. Twauliza: ikiwa shilingi zastahili uangalifu huo, je, dawa iingiayo mwilini mwa mtoto haistahili zaidi?

Twasema haya kwa sababu manung'uniko ni mengi katika zahanati na hospitali zetu. Muuguzi akimwuliza mgonjwa jina lake mara ya pili, huambiwa hasikii. Akimpima mtoto uzito upya, huambiwa apoteza wakati. Akirudi kuisoma karatasi ya daktari kabla ya kuvuta dawa, hudhaniwa hajui kazi. Wanaonung'unika yawapasa kujua ni kazi gani hasa aifanyayo.

Na tuchukue mfano wa malaria kali, ugonjwa ambao wazazi wa nchi zetu waujua sana. Dawa yake ya sindano ni artesuneti. Mtoto asiyefikia kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wake. Aliyefikia kilo hizo, na mtu mzima, hupewa miligramu 2.4. Basi mtoto wa kilo 10 astahili miligramu 30. Lakini bomba la sindano halina alama za miligramu. Lina alama za mililita, na hapo ndipo hesabu ianzapo. Kichupa cha miligramu 60 kikichanganywa kwa ajili ya mshipa wa damu, kila mililita huwa na miligramu 10, na mtoto huyo hupewa mililita 3. Kichupa kile kile kikichanganywa kwa ajili ya msuli, kila mililita huwa na miligramu 20, na hapo hesabu yake ni mililita 1.5 tu. Mtoto ni yule yule na dawa ni ile ile, lakini vipimo ni viwili. Mwenye kuvichanganya kwa haraka atampa mtoto dawa maradufu, au atampa nusu ya dawa iliyokuwa imwokoe.

Kanuni yenyewe si ngumu. Kiasi kilichoagizwa hugawanywa kwa kiasi kilichomo kichupani, kisha huzidishwa kwa mililita zilizomo. Lakini vipimo vya dawa hupandana kwa elfu: gramu moja ni miligramu 1,000, na miligramu moja ni mikrogramu 1,000. Kwa hiyo akoseaye hatua moja hukosea mara elfu, na nukta ikiruka hatua moja, kosa ni la mara kumi. Ndiyo maana muuguzi hodari huandika 0.5 wala haandiki .5, maana nukta isiyo na sifuri mbele yake yaweza isionekane, ikasomwa 5. Hali kadhalika huandika 5 wala haandiki 5.0, isije ikasomwa 50.

Pamoja na hesabu hiyo yako maswali matano ambayo hana budi kujiuliza kila mara: Je, mgonjwa ndiye? Dawa ndiyo? Kipimo ndicho? Njia ndiyo? Saa ndiyo? Wala swali la njia si dogo. Penisilini ya benzathini ni ya msuli. Ikiingia katika mshipa wa damu yaweza kuua. Sindano ya takoni ikiupata mshipa mkubwa wa fahamu yaweza kumlemaza mtoto mguu, na kwa hiyo mtoto mchanga huchomwa pajani.

Tena liko jambo la sindano yenyewe. Mwaka 1976 huko Yambuku, katika nchi ya Kongo iliyokuwa ikiitwa Zaire wakati huo, wauguzi wa hospitali ya misheni walikuwa wakipewa mabomba matano tu ya sindano kila asubuhi kwa wagonjwa wote wa siku hiyo. Baada ya kumchoma mtu yalisuuzwa kwa maji ya vuguvugu, kisha akachomwa mwingine. Ebola ilipoingia, ilisafiri ndani ya sindano hizo. Watu 318 waliugua na 280 wakafa, na miongoni mwao walikuwamo wauguzi wenyewe. Hatuikumbushi habari hii kwa kuwalaumu marehemu, waliofanya kazi kwa vifaa walivyopewa. Twaikumbusha ili ijulikane kwamba anayegawa vifaa ana dhamana sawa na anayeshika sindano.

Kwa hiyo tuna maneno kwa pande tatu. Wanaosimamia zahanati na hospitali wahakikishe kwamba mizani ipo na ni sahihi, kwamba kila mgonjwa anapata bomba jipya, kwamba kisanduku cha sindano zilizotumika hakijafurika, na kwamba muuguzi haachwi peke yake na wodi nzima usiku kucha. Muuguzi naye asione haya kumwita mwenziwe aihakiki hesabu yake, wala asichukie akihakikiwa na aliye mdogo kwake.

Na sisi wananchi tuna wajibu wetu. Tutaje majina yetu kwa ukamilifu kila tuulizwapo. Tuulize kwa adabu dawa tupewayo ni ipi na ni ya nini. Tutazame bomba likifunguliwa kutoka katika karatasi yake. Tusidai sindano pale ambapo kidonge chatosha, kwa imani tu kwamba dawa isiyouma haiponyi. Na tumkutapo muuguzi ameinamia karatasi yake akihesabu, tunyamaze kidogo, tumwache amalize.