Usalama wa Simu na Kompyuta ni Msaragambo Wetu Sote

Wakulima wa Milima ya Upare wanaijua ndiva: bwawa dogo linalokusanya maji ya kijito usiku kucha, ili mchana yafunguliwe yashuke mashambani kwa mifereji. Ndiva kama ile ya Manoo, katika bonde la Makanya wilayani Same, haitunzwi na mtu mmoja. Wenyeji hutoka kwa msaragambo, wakazoa tope na kuziba nyufa. Ufa mmoja ukiachwa, hukosa maji hata yule aliyefanya kazi yake vyema.

Leo tunayo hifadhi nyingine ya namna hiyo. Mkulima wa tangawizi wa Mamba Myamba hulipwa kwa simu. Mama wa Hedaru hupokea matumizi kwa simu kutoka kwa mwanawe aliye Dar es Salaam. Na michango ya misikiti yetu hupita humo humo. Je, nani anaziba nyufa zake? Wengi wetu hudhani kwamba kazi hiyo ni ya mafundi pekee.

Ni kweli kwamba zamu ya kwanza ni ya wanaotengeneza programu, nao wenyewe huelemewa wakiachwa peke yao. Mwezi Machi 2024, mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, aligundua kwamba kuingia kwa mbali katika kompyuta aliyokuwa akiifanyia majaribio kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Hakupuuza. Alichunguza, akakuta mlango wa siri umefichwa ndani ya XZ Utils, programu ya kubana mafaili inayotumiwa na kompyuta nyingi duniani. Programu hiyo ilitunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja aliyejitolea. Mtu mwingine, kwa jina la Jia Tan, alijifanya msaidizi wake kwa zaidi ya miaka miwili, hata akaaminiwa na kukabidhiwa madaraka. Lau Freund angesema jambo hilo halimhusu, mlango ule ungeenea duniani.

Zamu ya pili ni yetu watumiaji. Machi 2017, Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba ufa katika mfumo wake wa Windows. Mwezi Mei mwaka huo, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipitia ufa ule ule kwenye kompyuta ambazo hazikuwa zimesasishwa, kikafunga mafaili na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Dawa ilikuwepo, haikunywewa. Basi simu inapotuomba kusasisha programu, tusiahirishe kila siku.

Lakini nyufa zilizo nyingi zaidi majumbani mwetu hazihitaji utaalamu. Wapo wazee ambao, kwa uhafifu wa macho, humtajia wakala namba yao ya siri mbele ya watu. Upo ujumbe unaodai kwamba ile hela itumwe kwenye namba nyingine, ukamkuta mtu anayesubiriwa kweli kulipa ada ya mtoto. Katika Surat Al-Hujurat, aya ya 6, Allah (S.W.) ametuamrisha kuhakikisha habari tunazoletewa, tusije tukajuta. Kuhakikisha huko leo ni kumpigia mwenyewe kwa namba tunayoijua kabla ya kutuma hata shilingi moja. Ujumbe wa utapeli tuuripoti kwa TCRA kupitia namba 15040, na kwa *106# kila mmoja akague laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Aliyetapeliwa naye asifichwe kwa aibu. Akinyamaza, jirani yake atatapeliwa kesho kwa maneno yale yale.

Zamu ya tatu ni ya sisi tuliopewa uongozi katika kamati za misikiti na madrasa. Majina, namba za simu za waumini na taarifa za watoto ni amana, na Surat An-Nisaa, aya ya 58, inatutaka amana tuzifikishe kwa wenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo imeweka wajibu juu ya wanaokusanya taarifa za watu. Orodha ya waumini haifai kurushwa ovyo katika makundi ya WhatsApp. Laini ya michango nayo isiwe mikononi mwa mtu mmoja asiyekaguliwa, hata akiwa mwaminifu kiasi gani.

Tunapendekeza jambo jepesi. Vijana wanaorudi milimani kwa ajili ya Idi wakae na wazee wao, simu kwa simu: wabadilishe namba ya siri inayojulikana na wengi, wasasishe programu, na wamfundishe mzee kubonyeza namba zake mwenyewe. Maimamu nao watenge dakika chache baada ya swala ya Ijumaa kuwatahadharisha watu juu ya utapeli mpya uliosikika.

Wazee wetu hawakungoja ndiva ikauke ndipo waitane. Nasi tuitane mapema.

Wabillahi tawfiq.